Kona ya Maswali: Andiko Limerudishwa Tena, Swali Ndo Limekwama

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa walimu walioko masomoni na karibu wote wamekwama palepale, kwenye kutunga swali la utafiti. Nimechukua chache, zile ndefu nimezipunguza, na majina nimeyaacha.

Shikamoo mwalimu. Nafundisha hisabati sekondari ya kata na huku nasoma masta. Topiki yangu ilikuwa "Sababu zinazopelekea wanafunzi kufeli hisabati Tanzania", supavaiza akairudisha kaandika pembeni "pana mno". Nikapunguza ikawa mkoa, akairudisha. Nikapunguza ikawa wilaya, imerudi na maneno yaleyale. Si bora aniambie tu anataka nini? Maana kufeli wanafeli kweli, kila mtu anaona. (Mwalimu wa hisabati, Singida)

Marahaba mwalimu, na pole, kufundisha hesabu shule ya kata huku unasoma ni mzigo mkubwa.

Kuhusu kufeli hubishani na mtu, matokeo ya Form Four ya miaka ya karibuni yanaonyesha wanaofaulu Basic Mathematics hawafiki hata theluthi ya waliofanya mtihani. Lakini tatizo linaweza kuwa kubwa na la kweli na bado ukawa hujauliza swali. Angalia ulichokuwa unapunguza, ni ramani tu, nchi ikawa mkoa, mkoa ukawa wilaya, ila swali lenyewe hujaligusa, bado linataka "sababu" zote kwa mpigo, na hata ukilipeleka kwenye shule moja litabaki pana vilevile.

Leo usiku fanya kitu kimoja, andika majibu ya utafiti wako kabla hujaenda popote. Najua utaandika nini: walimu wachache, vitabu havitoshi, madarasa yamejaa, watoto wanaliogopa somo, wazazi hawafuatilii, lugha. Umemaliza? Basi sura yako ya nne, ile ya matokeo, hiyo hapo, ipo tayari, na ukigawa dodoso kwa walimu wenzako watakujazia hayohayo kwa sababu wote tumeyasikia semina zilezile. Mi nikishika andiko la mwanafunzi kitu cha kwanza ninachotafuta ni hiki, je kuna jibu lolote ambalo likija litamkatalia huyu mtu alichokuwa anaamini? Kama halipo narudisha, na nahisi supavaiza wako anafanya hivohivo ila muda wa kukueleza ndo hana.

Sasa wewe una kitu ambacho profesa wengi hawana, uko darasani kila siku, unayaona makosa yakitokea mbele ya macho yako. Anzia hapo. Chukua maswali ya maneno ya Form One, yale ya "Juma ana umri mara mbili ya mdogo wake". Mtoto katoka msingi alikosoma hesabu kwa Kiswahili miaka yote, leo swali liko kwa Kiingereza, anaandika jibu la ajabu. Kakosea wapi? Kashindwa kulisoma? Kalisoma ila hajaelewa anaambiwa nini? Kaelewa ila hajui kuligeuza liwe mlinganyo? Au mlinganyo kauandika vizuri akaharibu kwenye kukokotoa? Hayo ni makosa manne tofauti na kila moja lina dawa yake, lakini kwenye karatasi ya mtihani yote yanapata mkasi uleule.

Kuna mwalimu wa Australia anaitwa Anne Newman aliyetengeneza njia ya kulichambua hili, mwaka 1977 huko, na bado inatumika. Unakaa na mtoto mmoja mmoja, unamwambia nisomee swali, niambie linataka ufanye nini, utatumia njia gani, nionyeshe unavyofanya, haya niandikie jibu. Pale anapokwama unaweka alama. Haihitaji kompyuta wala hela nyingi, inahitaji subira, na tafiti nyingi zilizofata njia hii zimekuta sehemu kubwa ya makosa inatokea kabla mtoto hajaanza kukokotoa chochote.

Kwa hiyo mi ningeliandika swali lako hivi: "Wanafunzi wa Form One katika shule mbili za kata, wanapokosea maswali ya maneno ya aljebra, wanakwama kwenye hatua gani, na je wakipewa maswali hayohayo kwa Kiswahili wanakwama hatua ileile?" Liangalie vizuri. Linakwambia nani utakaa naye, utampa nini, utahesabu nini. Na kikubwa zaidi, hujui jibu. Inawezekana Kiswahili kikasaidia sana, inawezekana kikasaidia kwenye kusoma halafu wakakwama kwenye mlinganyo vilevile, na hapo utakuwa umegundua kwamba shida ilianza msingi, kabla ya Kiingereza kuingia. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni wa zamani hapa kwetu, Tume ya Makweta ya 1982, ile iliyopitia mfumo wa elimu, ilishapendekeza Kiswahili kitumike kufundishia mpaka sekondari, na utafiti wa Criper na Dodd wa 1984 ukaonyesha Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari hakitoshi kusomea masomo mengine. Wewe huwezi kuumaliza mjadala huo kwa masta. Unaweza kuuongezea kitu kimoja kidogo ambacho kimepimwa, na hicho kinatosha kabisa.

Hujambo mwalimu, natumai uko salama. Mimi niko junior school (gredi ya saba hadi ya tisa) huku Kakamega, Kenya, nafunza sayansi na shule yetu haina maabara, majaribio tunasoma tu kwa kitabu. Nataka kufanya utafiti nithibitishe kwamba shule zenye maabara wanafunzi wao wanafanya vizuri kuliko zetu, ndio serikali ione. Nitaandikaje swali langu? (Mwalimu, Kakamega)

Sijambo mwalimu. Uchungu wako naujua, hizi junior school ziliwekwa ndani ya primary kuanzia Januari 2023 na primary hazikuwahi kujengewa maabara, halafu mtaala unataka watoto wafanye kwa mikono. Una haki kabisa ya kudai. Ila neno "nithibitishe" litoe kwanza kwenye andiko lako, maana ukienda kuthibitisha utaona unachotaka kuona tu.

Nikupe kisa cha huko huko kwenu magharibi. Busia na Teso miaka ya tisini watafiti akina Paul Glewwe na Michael Kremer (huyu Kremer ndo alikuja kupata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na wenzake wawili) walichunguza zile chati kubwa za kufundishia zinazofunuliwa kurasa. Kwanza wakafanya kama wewe unavyotaka kufanya, wakalinganisha shule zenye chati na zisizo nazo. Zenye chati zikaonekana ziko juu kweli. Mtu mwingine angefunga daftari aende wizarani. Wao wakachukua shule 178, nusu wakazipa chati kwa mtindo kama wa bahati nasibu na nusu hawakuzipa, wakapima. Tofauti hakuna. Ile tofauti ya mwanzo haikuletwa na chati, shule inayoweza kupata chati kwa kawaida ina na mambo mengine, mwalimu mkuu anayehangaika, wazazi wenye uwezo kidogo, pengine hata barabara nzuri.

Na maabara ni hivohivo. Shule yenye maabara Kakamega ni shule ya aina gani? Karo zake zikoje, watoto wake wamechujwa vipi? Ukilinganisha hizo na za kwenu utakuwa unalinganisha familia za watoto, na mtu yeyote wa serikali asiyetaka kukupa maabara atakujibu hivohivo kwa sentensi moja na utakuwa huna la kumwambia.

Kisa cha vitabu ndo kinaniuma zaidi. Watafiti haohao, eneo hilohilo, shule zikapewa vitabu vya kiada, matokeo yakachapishwa 2009. Kila mtu alijua vitabu vitapandisha alama. Wastani haukupanda. Waliofaidika ni wale watoto waliokuwa wanafanya vizuri tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi kule ni lugha ya tatu, na vimeandikwa kwa mtoto ambaye tayari anaelewa, kwa hiyo waliobaki nyuma walikuwa na kitabu mkononi na hawawezi kukisoma. Wangeuliza tu "je vitabu vinasaidia" wakapata "hapana" wakaishia hapo, ingekuwa hasara kubwa sana, mtu angeweza kusema basi tusinunue vitabu. Kilichookoa jambo ni kuuliza vinamsaidia mtoto yupi. Wewe pia usiache kujiuliza hilo, yupi.

Kwa swali lako mi ningekaa ndani ya shule zisizo na maabara, maana ndizo unazozijua. Mfano asidi na besi. Kiashiria unaweza kukitengeneza kwa maua mekundu au kabichi ya zambarau, ndimu ipo, majivu yapo. Swali: "Wanafunzi waliofanya jaribio la asidi na besi kwa vifaa vya kienyeji wanaelezaje walichojifunza, tukiwalinganisha na waliolisoma kwenye kitabu tu, na tofauti ikoje kwa watoto waliokuwa chini kwenye mtihani wa muhula uliopita?" Kama una mikondo minne piga kura, miwili ifanye jaribio wiki hii na miwili ifanye ukishamaliza kupima, ili asikose mtoto yeyote. Mikondo minne ni michache kwa hiyo usiseme umethibitisha kwa Kenya nzima, sema ulichokiona hapo. Halafu pitia NACOSTI, ile tume inayotoa vibali vya utafiti Kenya, uombe kibali mapema kabla shule hazijaingia kwenye mitihani.

Ukikuta vifaa vya kienyeji vinafanya kazi vizuri, utaogopa kwamba serikali itasema basi maabara za nini. Najua. Andika ulichokuta, na uandike vilevile umetumia saa ngapi zako na hela ngapi za mfukoni kuandaa kipindi kimoja, hiyo nayo ni data.

Mwalimu naomba msaada wa haraka, kwenye dodoso langu swali la kwanza ni "Je, unakubali kuwa upungufu wa walimu na vitabu unachangia ufaulu mdogo katika shule yako?" Na hili ndilo swali langu la utafiti pia. Niko sawa? (Mwanachuo, Iringa)

Hapana mdogo wangu, na haya mambo mawili yatenganishe leo. Swali la utafiti unajiuliza wewe na utalijibu mwishoni baada ya kuunganisha vipande vyote. Swali la dodoso anaulizwa mtu aliyekaa mbele yako, na anatakiwa aulizwe kitu anachokijua yeye. Mwalimu wa Iringa hajui "kinachochangia ufaulu", anabahatisha kama mimi na wewe tunavyobahatisha. Anachojua ni darasa lake lina watoto wangapi na vitabu vingapi, wiki iliyopita alikosa vipindi vingapi na kwa nini. Hivyo ndo vya kumuuliza.

Halafu hapo umeuliza mawili ndani ya moja. Mwenye walimu wa kutosha asiye na vitabu ajibu ndiyo au hapana? Na ukishaanza na "je unakubali" umeshamwambia jibu, watu wetu wana heshima, hawapendi kumkatalia mgeni aliyekuja na barua ya chuo.

Habari za kazi dada. Nafanya kazi na shirika linalosaidia wasichana waliorudi shule baada ya kujifungua, nataka kufanya utafiti, "Kwa nini wasichana waliorudi shuleni baada ya ujauzito hawafanyi vizuri kimasomo?" Naomba maoni yako kabla sijapeleka chuoni. (Msomaji, Tabora)

Nzuri mdogo wangu, na nimefurahi umeuliza kabla hujaanza kukusanya chochote, maana hapa kuna watoto wanaoweza kuumia.

Kwanza, nani kasema hawafanyi vizuri? Swali lako limeshahukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Ruhusa ya kurudi kwenye mfumo rasmi imetangazwa Novemba 2021, kwa hiyo mpaka sasa miaka siyo mingi na inawezekana kabisa wapo wanaofanya vizuri kuliko walivyokuwa mwanzo, wakijua wanachokitafuta. Ukienda kwao na "kwa nini mnafeli" hata anayefaulu atajieleza kama aliyefeli. Swali lianze nyuma kidogo, waliorudi wanaendeleaje, wangapi wamebaki mpaka mwisho wa mwaka.

La pili ndo zito. Shule moja inaweza kuwa na wasichana wawili tu waliorudi, au mmoja. Ukiandika "msichana wa Form Two, shule ya kata, wilaya fulani", mtaa mzima umeshajua ni nani. Kuficha jina hakusaidii kitu hapo. Na siku ukifika shuleni mwalimu akamwita kwenye mstari, "njoo kuna mtafiti wa wale waliozaa", umemrudisha kwenye aibu aliyokuwa ameanza kuisahau, na hakuna tasnifu yenye thamani ya kufanya hivyo. Ridhaa ya mzazi unaihitaji kwa aliye chini ya miaka 18 na ridhaa yake yeye mwenyewe pia unaihitaji, na asipotaka asiulizwe mara ya pili.

Mi nakushauri uelekeze macho kwa shule. Uliza: "Shule za sekondari katika wilaya hii zinampokeaje msichana anayerudi, zimepanga nini kuhusu vipindi alivyokosa, mtoto anaachwa wapi, na mwalimu wa malezi amepewa maelekezo gani?" Utaongea na wakuu wa shule, walimu wa malezi, afisa elimu, utasoma rejista na barua. Hakuna msichana atakayenyooshewa kidole, na utapata kitu ambacho mkurugenzi anaweza kukirekebisha. Wasichana wenyewe waje baadaye, wale waliokwishamaliza na wanaotaka kusema, na waongee kupitia watu wa shirika lenu wanaowaamini.

Mimi ni mwalimu mkuu shule ya msingi, tumeanzisha chakula cha mchana kwa michango ya wazazi. Nina maswali nane ya utafiti: chakula na mahudhurio, chakula na ufaulu, chakula na nidhamu, mwamko wa wazazi, ruzuku ya serikali na mengineyo. Msimamizi anasema yasizidi matatu. Yote ni muhimu, nitayachaguaje? (Mwalimu mkuu, Manyara)

Mwalimu mkuu, hongera kwa chakula, hilo peke yake ni kazi kubwa. Msimamizi wako yuko sahihi, na mi ningekuambia hata mawili.

Tenganisha kwanza chakula kinasaidia *nini*. Watu wanachanganya kuhudhuria na kujifunza. Huko Busia tena, dawa za minyoo ziligawiwa kwenye mradi wa shule 75, Edward Miguel na Kremer wakachapisha 2004: utoro ulipungua kwa karibu robo, lakini alama za mtihani hazikupanda. Angekuwepo mtu ameuliza alama tu angesema dawa haina maana. Kwa hiyo kwenye shule yako naona mahudhurio ndo swali la kwanza, na rejista unayo mwenyewe kabatini, ya kabla na ya baada. Angalia mwezi kwa mwezi, na hasa miezi ya njaa kabla ya mavuno, na watoto ambao wazazi wao hawakuchanga wanakula au hawali, wanakuja au wanabaki nyumbani siku ya chakula kwa kuona aibu. Hilo la mwisho mi linaniuma na sijaona mtu akiliuliza vya kutosha.

Kuhusu ruzuku, ukitaka kuiweka iwe na mwenzake. Utafiti wa KiuFunza wa hapa Tanzania ulifanyika 2013 na 2014 kwenye shule 350 za wilaya kumi, kuna shule zilipewa hela za ruzuku shilingi 10,000 kwa mtoto, nyingine walimu wakaahidiwa bonasi kwa kila mtoto anayefaulu majaribio ya kusoma na kuhesabu, nyingine zikapewa vyote viwili, na nyingine hazikupewa. Ruzuku peke yake haikupandisha alama. Ruzuku na bonasi pamoja zilipandisha, tena zaidi ya ukijumlisha kila moja ilivyofanya peke yake. Swali lililoonyesha hivyo ni moja tu, ila lilikuwa limepangwa vizuri. Wewe huna shule 350, una shule moja na rejista, basi uliza la rejista. Hayo sita mengine yaandike kwenye daftari lako, na lile la nidhamu ningelifuta kabisa mpaka uweze kuniambia nidhamu utaihesabuje.

Nimefika fildi nimekuta swali langu halina mashiko, nilidhani shule zina ratiba ya vipindi vya kusoma maktaba, kumbe maktaba zenyewe zimefungwa zimekuwa stoo. Naruhusiwa kubadilisha swali katikati? (Mwanafunzi wa masta, Morogoro)

Inategemea. Kama ni utafiti wa mahojiano na kuangalia, ndiyo, swali linakua huko huko, ila andika tarehe uliyolibadilisha na sababu, na mwambie msimamizi kabla, asije akakutana nalo kwenye sura ya tatu. Kama ulikuwa unapima dhana kwa takwimu usiligeuze baada ya kuona data ili lifanane na majibu, hapo utakuwa unadanganya, sema wazi ulichopanga hakikuwezekana na hiki kipya ni cha kuchunguza tu. Na kama barua yako ya RAS (katibu tawala wa mkoa) na ya mkurugenzi inataja topiki ya zamani, rudi uombe nyingine.

Ila mi ningekuwa wewe nisingekimbilia kutafuta shule zenye maktaba wazi. Zilifungwa lini, nani alitoa uamuzi, vitabu vilivyokuwemo viko wapi, na watoto wanaotaka kusoma wanasoma nini sasa hivi? Uko Morogoro na mlango uko mbele yako, omba ufunguo kwanza.